Ndevu za Katani na Kamba ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ubao wa mninga, randa, na asubuhi nzima. Ilikuwa Shinyanga, katika karakana moja karibu na stesheni ya reli, vita ile kubwa ikiwa imekwisha karibuni. Bwana Fundi Mkuu, Singasinga mwenye kilemba cheupe na ndevu alizozifunga kwa wavu, aliniambia nilainishe ubao mpaka unyooke. Nikalainisha. Nikafumba jicho moja nikautazama kwa jingine, nikaona umenyooka kama reli, nikampelekea.

Hakuutazama. Aliweka rula ya chuma juu yake, akauinua kuelekea dirishani, na nuru ikapita chini ya rula kama maji chini ya mlango.

"Nani amesema umenyooka?"

"Macho yangu, Bwana Fundi."

"Macho yako yanakupenda wewe. Rula haimpendi mtu. Rudia, Luhende."

Nilirudia mpaka jioni. Ubao ule ulipokubali kunyooka, unene wake ulikuwa kama wa jalada la daftari, na Bwana Fundi Mkuu akautundika ukutani ili kila aliyeingia auone.

Naandika haya kwa vijana wanaojifunza useremala leo, ambao mashine huwalainishia ubao kabla hawajamaliza chai. Siwaonei wivu wala siwadharau. Nataka wajue kazi ilivyokuwa wakati wetu. Pia kuna kosa moja nililolifanya nikiwa kazini, lililojulikana wakati ule likasahaulika, nalo nimelinyamazia miaka mingi. Mwenye haki ya kulisema kabla yangu alikuwa mke wangu, Minza, naye hakuwasimulia hata wanetu. Alifariki msimu wa pamba uliopita. Sasa zamu ni yangu.

Elimu yangu ni darasa la nne la misheni. Mengine nilifundishwa na mbao. Pale Shinyanga nilikaa miaka mitatu, nikajua kutumia timazi, yaani kipande cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi ili uone kama nguzo imesimama wima. Nikajua kuunga kwa ulimi na tundu, ambapo ubao mmoja unachongwa ulimi na mwingine unatobolewa tundu, vikaingiana bila msumari. Mwaka wa tatu nilimwoa Minza, binti wa jirani yetu upande wa Mhunze. Alikuwa mrefu, mchapakazi, na alicheka taratibu, kama mtu anayeonja mboga kwanza. Miezi minne baadaye nikasikia kwamba kule Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, seremala hulipwa vizuri kuliko Shinyanga. Nikamwacha kwa mama yangu, nikapanda lori hadi Mwanza, nikavuka maji, nikaenda.

Kazi ya seremala mgodini si meza na viti. Kazi kubwa ni nguzo. Chini ya ardhi, kila wanapochimba, mwamba wa juu hutaka kushuka. Huwekwa magogo mawili wima na gogo la tatu juu yake, kisha kabari hupigwa katikati ya gogo na mwamba mpaka pasipite hata karatasi. Aliyekuwa juu yetu tulikuwa tukimwita Nyapara wa Nguzo, mzee wa Kisumbwa kutoka upande wa Ushetu, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Juu yake alikuwapo Bwana Mpima, Mzungu aliyepima mashimo na kuchora ramani zake, na juu ya wote Bwana Meneja, ambaye mimi nilimwona mara tano tu.

Tuliishi kambini, wanaume wanne chumba kimoja. Mke alikuwa haletwi mpaka upewe chumba cha ndoa, na vyumba hivyo vilikuwa vichache. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Jirani yangu wa kitanda alikuwa Ramadhani, fundi rangi, Mmanyema wa Tabora, mswalihina na mtani mkubwa. Yeye ndiye aliyeandika vibao vyote vya mgodi, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri na Kiingereza alikijua kidogo.

Siku moja tuliitwa sote wawili klabuni kwa Wazungu. Aliyetuita alikuwa mke wa daktari wa mgodi. Watu walimwita Bibi Daktari, ingawa kazi yake ilikuwa kinanda. Alitukalisha barazani akatueleza, Ramadhani akinitafsiria, kwamba mwaka huu Wazungu watacheza opera.

"Opera ni nini?" nikauliza.

"Ni mchezo ambao watu hawasemi," akasema Ramadhani baada ya kuulizana naye. "Wanaimba kila kitu. Hata mtu akitaka chai anaiimba."

"Na akiwa na haraka?"

"Anaimba haraka."

Kisha Bibi Daktari akatueleza hadithi yenyewe. Ni mchezo wa kuchekesha, wa kale sana kwao. Nahodha mmoja ana mchumba anayempenda. Mzee mmoja mwenye dhihaka anamwambia hakuna mwanamke anayeweza kungoja. Nahodha anakasirika, anaapa kwamba wake atangoja, na ili kuthibitisha anajifanya amesafiri. Kumbe anarudi amevaa ndevu za bandia na joho la tajiri wa ugenini, anaanza kumtongoza mchumba wake mwenyewe chini ya roshani yake.

"Mwisho wake?" nikauliza.

Bibi Daktari akacheka. "Jenga kwanza. Mwisho utauona."

Nilipewa miezi mitatu, saa za mchana baada ya zamu. Jukwaa nililijenga kwenye baraza kubwa ya klabu, likitazama uwanja wa majani, urefu wa hatua kumi na nne. Upande wa kulia nilisimamisha nyumba yenye roshani, nayo nikaitia nguzo za kweli, kwa kuwa mchumba angesimama juu yake na mchumba mwenyewe alikuwa Sista wa hospitali, mtu wa afya njema. Upande wa kushoto ulikuwa bandari. Kuta hazikuwa kuta. Ni fremu za mbao nyepesi zilizowambwa kitambaa cha marekani, kikapakwa gundi kikaze kama ngoma, kisha Ramadhani akachora juu yake mawe, mizabibu na bahari. Alichora vizuri hata mbuzi wa mpishi akaja kula mizabibu.

Pazia lilikuwa kazi yangu kubwa. Lilipanda na kushuka kwa kamba iliyopita kwenye makapi matatu, yaani magurudumu madogo yenye mfereji, na chini yake nilishona boriti ili linyooke. Kamba ile niliifunga upande wa kushoto, upande wa bandari. Bibi Daktari aliamua kwamba mimi ndiye nitakayelivuta, maana nalijua uzito wake. Kwa hiyo nilihudhuria mazoezi yote. Maneno sikuyaelewa, lakini nyimbo nilizijua mpaka nikawa nazipiga mluzi nikipiga randa. Bwana Mpima ndiye aliyekuwa nahodha. Ndevu zake nilimtengenezea mimi kwa katani niliyoichana kutoka kwenye kamba, tukaipaka Ramadhani na mimi rangi nyeusi.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, kwa wasomaji wasiolijua. Usukumani, mavuno yakiisha, vikundi viwili vya ngoma hushindana katika uwanja mmoja siku moja. Hakuna mwamuzi. Kila kikundi kinacheza upande wake, kikiongozwa na mwimbaji wake, ambaye tunamwita ningi. Watu wakivutiwa na upande mmoja wanahamia huko kwa miguu. Anayeshindwa hujikuta anauchezea uwanja mtupu. Siku hizo mtu anaweza kutembea siku mbili kwenda kumsikiliza ningi mmoja, na baningi, yaani hao waimbaji, hutungiwa sifa na kupendwa na wanawake.

Basi wakati ule wa mazoezi alifika kambini kijana wa kwetu Mhunze, kuja kusukuma vigari vya mawe. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema wote wazima, pamba imekubali. Kisha akasema, akiwa anakula, wala hakuwa na nia mbaya, "Na mke wako hakosi ngoma ya yule ningi mpya. Kila penye ngoma, yupo."

Hayo tu. Lakini neno hilo liliingia kama msumari kwenye mti mbichi, ambao huingia kwa urahisi na kutoka ni shida. Kutwa nzima nilijenga roshani ya mwanamke anayejaribiwa, na usiku nikalala nikimfikiria wangu. Nikajiambia: Wazungu hawa wana akili. Mtu akitaka kujua, anajaribu.

Nikamwendea Ramadhani.

"Niandikie barua."

"Si umesoma wewe?"

"Katekista wa kwetu anaujua mwandiko wangu."

Nikamweleza. Barua iwe ya mtu asiyejulikana, rafiki mwema. Imwambie Minza kwamba mume wake amejipatia mke mwingine Geita, mwanamke wa Kizinza, na kwamba aamue mwenyewe la kufanya. Kama ana mtu, nikasema, atafurahi na kuondoka. Kama hana, atalia na kukaa. Nitajua.

Ramadhani aliweka brashi chini. "Ndugu yangu, mimi nimechora bahari isiyo na maji na mawe yasiyo mawe, na nalipwa. Lakini vile mtu akivisogelea anaona ni rangi. Hii barua, Minza ataisogelea vipi aone?"

"Niandikie tu."

"Wasukuma bwana! Mtu akishajua kulainisha ubao anadhani kila kitu kinapigwa randa."

Aliandika. Nataka nimtendee haki: alikataa mara mbili, na mara ya tatu aliandika kwa sababu nilimwambia asiponiandikia, urafiki umekwisha. Kosa ni langu.

Na kosa lenyewe lilikuwa kubwa kuliko nilivyolipanga. Kijijini kwetu barua haikuwa ya mtu mmoja. Jumapili baada ya sala, katekista alisimama mlangoni mwa kanisa na barua za wiki, akazisoma kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma na kwa kuwa kila mmoja alingoja kusikia jina lake kwenye salamu. Mimi nilikulia pale. Nilizisikiliza barua hizo tangu utotoni. Lakini kwa hasira nilimfikiria Minza peke yake, kana kwamba barua ni mkono unaomgusa mtu mmoja begani. Nilikumbuka siku ya tatu baada ya kuituma. Nilikuwa nachonga nafasi za bawaba kwenye mlango wa roshani, patasi ikanitoka mkononi.

Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Jibu hakuna. Nilijua sasa baba yake amesikia, kaka zake wamesikia, mama yangu amesikia. Kwa desturi wangeweza kumrudisha kwao na kuwarejesha ng'ombe wa mahari, na ndoa ikaishia hapo, kwa uongo wangu mwenyewe. Niliandika barua ya pili kwa mwandiko wangu, nikaichana, maana sikujua niseme nini kitakachosomwa mlangoni mwa kanisa.

Katika wiki ya nne niliitwa chini ya ardhi kusaidia nguzo. Ulikuwa upande mpya, mwamba ulikuwa unalia. Tulipomaliza kabari ya mwisho niliinua nyundo kubwa niipige nguzo ubavuni, nione kama imekaza. Nyapara wa Nguzo akaudaka mkono wangu juu.

"Unafanya nini wewe?"

"Najaribu, mzee."

"Unajaribu nini? Hiyo imeshabeba! Nguzo unaijaribu ikiwa juu ya ardhi, ukiichagua. Unaikagua, unaigonga, unaikataa ukitaka. Ikishabeba mwamba huipigi tena. Unaweka sikio, unaisikiliza. Ukiipiga ikachomoka, utasema ilikuwa mbovu, na aliyeichomoa ni wewe."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikaa chini kwenye mawe. Nyapara akadhani nimeogopa, akanipa maji.

Sasa mchezo. Wazungu walipanga kuucheza Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza, alasiri, ilikuwa ya wafanyakazi. Bibi Daktari alimwomba Bwana Meneja kwa muda mrefu mpaka akakubali. Walikuja watu kutoka kambi zote, na wake wa vyumba vya ndoa, na wauza maziwa, wakakaa kwenye majani. Ramadhani alisimama pembeni na bomba la bati la kupazia sauti, akieleza kwa Kiswahili yanayoimbwa. Nyapara wa Nguzo alisimama karibu yake akiyageuza Kisukuma, na kuongeza ya kwake.

Mwanzoni watu walikuwa kimya, wakistaajabia sauti ya Sista iliyokuwa ikipanda mpaka mbwa wa klabu wakajibu. Kisha nahodha akaingia na ndevu za katani.

"Huyu ni yuleyule," akasema Ramadhani. "Amejigeuza. Anataka kumjaribu mchumba wake."

Nyapara akageuza. Mnong'ono ukapita uwanjani kama upepo kwenye mtama.

"Yaya!" akapiga kelele mama mmoja, yaani hapana. "Mayu, mama wewe, usimfungulie! Ni mumeo huyo!"

"Mvute ndevu!" akasema mwingine.

Bwana Mpima aliimba upande wa kushoto, kwenye bandari. Sista akajibu upande wa kulia, juu ya roshani. Yeye tena, kisha huyu tena. Watu wa kwetu wakatazamana. Pande mbili, sauti mbili, zinajibizana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Ukafika wimbo ambao mchumba anachoka. Ramadhani akaeleza: "Anasema nimengoja, nami ni mtu. Anasema, angenipenda angekuwa hapa." Na kweli katika mchezo ule mwanamke anayumba, anautoa mkono wake nje ya roshani kidogo, na tajiri wa bandia anauona. Mimi nilidhani hapo watu watamzomea.

Kwanza akainuka mzee mmoja. Akachukua kigoda chake, akatoka mbele ya bandari, akaenda kukaa mbele ya roshani. Akafuata mama mwenye mtoto mgongoni. Wakafuata kumi. Kisha uwanja mzima ukainuka, bila kelele, ukahamia kulia. Majani ya upande wa kushoto yakabaki matupu, na mbele ya majani hayo tulibaki Bwana Mpima na mimi, mimi nikiwa nimeshika kamba.

Bwana Mpima aliendelea kuimba, maskini, akigeuza shingo kuwatafuta watu walikokwenda. Nami nikawatazama. Na katikati ya waliohama, amesimama, mrefu kuliko wanawake waliomzunguka, na vumbi la safari mpaka magotini, nikamwona Minza.

Kamba ikanitoka.

Pazia likashuka lote na boriti yake. Halikumpiga Bwana Mpima kichwani, namshukuru Mungu, lakini lilimkwangua kofia na ndevu kwa pamoja. Ndevu zikaruka zikaanguka kwenye majani. Uwanja ukapasuka kwa kicheko na vigelegele. Ramadhani akapaza sauti kwenye bati lake, "Amejulikana! Amejulikana!" ingawa katika mchezo jambo hilo lilikuwa bado sana. Na niliona mkono wa Minza ukiziokota zile ndevu.

Nilimkuta nyuma ya klabu, penye rundo la mbao. Kaka yake alikuwa amesimama mbali kidogo, uso umekunjwa, hakunisalimu. Kwetu mke humsalimu mume akikunja goti. Minza hakukunja.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenzangu. Mzinza. Nimekuja nimwone. Akiwa mtu wa kazi, tutalima wote. Akiwa si mtu wa kazi, nitakuambia nitakwenda wapi."

"Baba yako ameruhusu uje?"

"Nilikaa kwake siku tatu. Kaka zangu wakawa wanahesabu ng'ombe wa kurudisha. Nikamwambia, baba, wewe hununui ng'ombe kwa kuambiwa. Unakwenda unamtazama meno. Nipe mtu wa kunisindikiza, nikatazame." Akanitazama. "Yuko wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema rafiki mwema alikosea, au kwamba Mzinza ameondoka jana. Nilizitazama zile ndevu mkononi mwake, rangi ikimchafua vidole.

"Hayupo," nikasema. "Hajawahi kuwapo. Barua niliituma mimi. Nilitaka kujua kama una mtu."

Kule mbele kinanda kilikuwa kinapigwa upya, Bibi Daktari akijaribu kuuokoa mchezo.

"Ilisomwa mlangoni mwa kanisa," akasema hatimaye. "Wakati ule nilikuwa nimebeba mtungi. Sikuutua. Nilisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimeubeba, nisionekane nimetetemeka." Kisha akaziinua zile ndevu mbele ya kidevu changu, akapima kama ninavyopima mbao. "Kwa hiyo huyu ni wewe."

"Ni mimi."

"Watu wote wamehama. Wewe ulikuwa upande gani?"

"Nilikuwa nimeshika kamba."

Sijui kwa nini jibu hilo lilimchekesha. Alicheka taratibu, kwa kuonja kwanza, kisha akalia, kisha akatoa sharti. Nitaandika barua nyingine, kwa mwandiko wangu, yenye kila jambo nililolifanya, nayo itasomwa mahali palepale. Yeye atarudi na kaka yake asikilize ikisomwa. Baada ya hapo ataona.

Niliiandika siku hiyohiyo juu ya rundo la mbao. Ramadhani alitaka kuirekebisha lugha, nikamkataza.

Jumatatu Bibi Daktari aliniita kuhusu pazia. Nilimweleza ukweli wote, Ramadhani akitafsiri na kuona haya kwa niaba yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Luhende, mchezo huu una umri mkubwa kuliko bibi yangu, na bado wanaume wanadhani ni maelekezo." Hakunikata mshahara. Alikwenda kwa Bwana Meneja kuniombea chumba cha ndoa. Bwana Mpima naye alimuuliza Nyapara kwa nini watu walimkimbia.

"Ulishindwa, bwana," akasema Nyapara. "Si aibu. Utajaribu mwakani."

Jumamosi ya pili, walipocheza kwa Wazungu wenzao, pazia lilishuka kwa wakati wake na nikauona mwisho. Nahodha anavua ndevu, nilizomtengenezea upya kwa kuwa Minza aliondoka na zile za kwanza, anapiga goti, anaomba radhi yeye kwanza. Bwana Mpima aliimba sehemu ile kwa sauti ndogo kuliko alivyofanya mazoezini, na nadhani ndipo alipoimba vizuri.

Minza alikuja miezi miwili baadaye na sufuria zake. Barua ilikuwa imesomwa. Yule ningi mpya alikuwa ameshanitungia wimbo wa kunicheka, uliochezwa Kishapu yote, nami nilistahili. Kama kulikuwa na lolote kati ya ningi na Minza, sijui. Sikumuuliza siku hiyo wala siku yoyote katika miaka yetu yote. Alikuwa ameshabeba, kama nguzo ya Nyapara.

Kutoka Geita nilihamia Kahama, nikawa fundi wa zamu chini ya Bwana Mkaguzi wa Majengo, mtu mkali aliyependa milango isiyolia. Baadaye Ushetu, kujenga mabanda ya kukaushia tumbaku. Mwisho nilirudi kwetu Mhunze, nikatengeneza madawati ya shule mpaka mikono ilipokataa. Kila tulipohamia, Minza alitundika zile ndevu za katani juu ya mlango, kwa ndani. Wageni walidhani ni dawa. Nilipoanza kuuliza maswali ya kijinga, nani alipita hapa, kwa nini umechelewa kisimani, hakujibu. Aliinua macho tu juu ya mlango.

Kwa vijana wa kazi nina machache. Chagueni mti kabla ya kuukata. Uungeni kwa ulimi na tundu, maana msumari unaota kutu. Msiyaamini macho yenu yakiwapenda mno. Na lile la Nyapara, ambalo nimelieleza, silirudii.

Jeneza la Minza nililitengeneza mwenyewe kwa mninga. Wanangu walitaka kunizuia, wakaona afadhali waniache. Siku ya kumaliza matanga watu walikaa kama desturi, wanawake upande wa jikoni alikozoea kukaa yeye, wanaume upande wa zizi. Binti yangu mkubwa alikuwa anafuta tando za buibui ndani, akatoka na zile ndevu, zimebaki nyuzi chache. Akauliza mbele ya wote, "Baba, hivi hii ni nini hasa?"

Nikawasimulia. Yote, kama nilivyowaandikia ninyi, na barua, na mtungi. Kisha shangazi mmoja mzee akapiga kigelegele, cha kwanza tangu msiba, na watu wakaanza kucheka, machozi bado usoni.

Mzee mmoja upande wetu akainuka. Alikuwa amefanya kazi Geita ujanani. Akachukua kigoda chake, akavuka uwanja, akakaa upande wa wanawake. Akafuata mwingine. Wakafuata wakwe zangu, kisha wanangu wa kiume, wote, kila mmoja na kiti chake, mpaka upande wa zizi nikabaki peke yangu.

Safari hii mikononi mwangu hapakuwa na kamba. Nikakichukua kigoda changu, nikavuka.